Kupima mwambatano wa mtoto mchanga na mlezi wake: mwongozo wa kazi ya uwandani Nairobi

Kosa la kwanza la wanaoanza kupima mwambatano, yaani kifungo cha mtoto na mtu anayemkimbilia akiogopa au akiumia, ni kuhesabu vilio. Mtu hukaa na saa, akaandika mtoto amelia sekunde ngapi mama alipotoka, kisha akahitimisha kwamba aliyelia sana ndiye aliyeshikamana na mama zaidi. Takwimu za namna hiyo hazina faida. Kilio cha kuachwa hutegemea usingizi, njaa, hulka ya kuzaliwa nayo na mazoea ya kuachwa. Kinachopimwa ni anachofanya mtoto mlezi anaporudi. Anamwendea, au anampita kama hamwoni? Akibebwa anatulia, au anajinyonganyonga? Akishatulia, anarudi kucheza au anaendelea kulalama?

Msingi wa nadharia uliwekwa na daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, John Bowlby, ambaye juzuu ya kwanza ya kazi yake kuhusu mwambatano ilitoka mwaka 1969. Hoja yake ni kwamba mtoto huzaliwa na msukumo wa kutafuta ukaribu wa mtu mahususi, si wa yeyote aliye karibu, kila anapoogopa, anapoumwa au anapochoka. Akiupata ukaribu huo, msukumo hupoa, naye huwa huru kwenda kuchunguza ulimwengu. Kwa hiyo kipimo chochote cha maana lazima kiuchokoze msukumo huo kidogo. Ukimtazama mtoto aliyeshiba akicheza kwa raha saa nzima, utajifunza mengi kuhusu vitu vyake vya kuchezea na machache sana kuhusu mwambatano.

Aliyeigeuza nadharia hiyo kuwa kipimo ni Mary Ainsworth, na alianzia jirani yetu tu. Mwaka 1954 na 1955 alitembelea nyumba za akina mama 26 na watoto wao 28 katika vijiji vya karibu na Kampala. Miaka ya 1960 akaendeleza kazi Baltimore, Marekani: kila familia ilitembelewa mara moja kwa wiki tatu, saa nne kila ziara, tangu mtoto akiwa na wiki tatu hadi wiki 54, jumla kama saa 72. Lile jaribio maarufu la chumbani, ambamo mlezi hutoka na kurudi, lilikuja mwishoni mwa ziara hizo. Mpangilio huo una maana kubwa. Dakika 20 za chumbani ziliaminika kwa sababu zililinganishwa na yale yaliyoonekana nyumbani. Miradi mingi ya wanafunzi huchukua dakika 20 na kuziacha zile saa 72, kisha ikashangaa kwa nini matokeo hayaeleweki.

Kwanza, mlezi ni nani?

Katika nyumba nyingi za Nairobi jibu si moja. Likizo ya uzazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007 ni miezi mitatu, na mwenye kibarua cha siku Industrial Area hana hata hiyo. Mtoto wa miezi 14 wa Mukuru huenda akaamka na mama, akashinda kwa mwanamke anayelea watoto kumi katika chumba kimoja, akachukuliwa jioni na dada yake wa gredi ya sita. Wa Kilimani anashinda na dada wa kazi. Wa Kayole ana shosho. Ukiandika tu "mama" kwenye fomu kwa sababu fomu ilitoka ng'ambo ikiwa imeandikwa hivyo, utapima uhusiano mmoja na kudhani umeupima ulimwengu wote wa mtoto.

Chora jedwali la saa 24, safu moja kwa kila saa. Uliza kuhusu jana, usiulize kuhusu "kwa kawaida". Mtu akiulizwa habari za kawaida hueleza siku anayoitamani. Nani alimlisha, nani alimwogesha, nani alimbeba mgongoni, nani alilala naye? Halafu swali lenye uzito kuliko yote: alipoanguka, alipoumwa au alipoamka usiku akilia, nani alimtuliza? Jaza jedwali la siku moja ya kazi na la Jumapili moja. Kigezo tunachopendekeza ni hiki: mhesabu kuwa mlezi wa kupimwa yeyote aliyemtunza mtoto akiwa macho siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu mfululizo, na ambaye mtoto humkimbilia akiumia.

Kenya ina mfano wa kufuatwa. Rosanne Kermoian na P. Herbert Leiderman walichapisha mwaka 1986 utafiti wa watoto 26 wa Kigusii, wakapima mwambatano na mama na pia na mtoto mkubwa aliyekuwa akilea. Asilimia 61 walionekana kuwa na mwambatano salama na mama (yaani humpokea anaporudi na kutulia), na asilimia 54 na yule mlezi mwingine. La kufikirisha zaidi, usalama kwa mama uliendana na hali ya lishe ya mtoto, huku usalama kwa mlezi mwingine ukiendana na ukuaji wa akili. Walimu wawili tofauti, masomo mawili tofauti. Wangempima mama peke yake, nusu ya habari ingepotea.

Kutokana na hilo, namba ya utambulisho ipewe jozi, si mtoto. Andika 041-M kwa mtoto huyo na mama yake, 041-S kwa mtoto huyohuyo na shosho. Mtoto mmoja anaweza kuwa salama kwa mmoja na asiwe salama kwa mwingine, na hakuna ukinzani wowote hapo.

Vibali

Anza mapema, maana hapa ndipo kalenda za miradi hufia. Kibali cha kamati ya maadili hutangulia, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, inayoombwa mtandaoni, halafu barua za kaunti na za ofisi ya chifu wa eneo. Wahamasishaji wa afya ya jamii ndio watakaokufungulia milango, kwa hiyo waelezeni kazi kabla ya mtu wa kwanza kusajiliwa. Video za watoto zinaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: idhini ya mzazi au mlezi wa kisheria ni lazima, na lazima ujue video itakaa wapi, nani ataiona na lini itafutwa.

Fomu ya idhini isomwe kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani. Asiyejua kusoma aweke alama ya kidole mbele ya shahidi asiye mwajiriwa wako. Tenganisha idhini tatu: kushiriki, kurekodiwa, na video kutumiwa kufundishia. Wengi hukubali mbili za kwanza na kukataa ya tatu, na ni haki yao. Nauli itumwe kwa M-Pesa mara mtu anapofika, wala isingoje jaribio liishe. Pesa inayosubiri mwisho humfanya mama aone aibu kusimamisha kazi mtoto wake akiteseka.

Ziara za nyumbani

Panga ziara nne angalau, za saa mbili kila moja, na ya kwanza usiihesabu. Ziara ya kwanza utapewa chai, redio itazimwa, mtoto atakuwa amevalishwa nguo za Jumapili. Unamtazama mama akimpokea mgeni. Kufikia ya tatu nguo zinafuliwa, sufuria iko jikoni, na mtoto analia bila mtu kukuangalia wewe kwanza. Hapo ndipo kazi huanza.

Usichague saa moja tu ya siku. Saa ya kurudi kutoka kazini, kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, inafundisha kuliko nyingine yoyote kwa sababu mtoto amechoka, mlezi amechoka, na wameonana sasa hivi baada ya kutengana kutwa. Shida yake ni giza na usalama wa msaidizi wako kurudi kwao. Msaidizi aishi mtaa huohuo au usafiri wake upangwe. Asiachwe kusaka matatu saa mbili usiku akiwa na kamera begani.

Andika kwa mkono, maneno ya kawaida, ukitia alama ya muda kila dakika tano. Andika matendo, si tafsiri. "Mama alimpuuza" si data. "9:40 mtoto analia, anyoosha mikono, mama anakata sukuma, anamwita jina bila kugeuka, 9:42 ageuka, ambeba, 9:43 kimya" hiyo ni data. Yafuate hasa mambo haya: mtoto akilia, nani aliitika, baada ya muda gani, kwa njia gani, na kama njia hiyo ilifaa; mlezi akisimama kwenda mlangoni, mtoto alifanya nini; mlezi akirudi, mtoto alimpokeaje; na mtoto akisogea mbali kuchunguza, alirudi kumgusa au kumtazama mlezi mara ngapi.

Usikivu wa mlezi hupimwa kwa kipimo cha Ainsworth cha alama 1 hadi 9. Alama haitolewi kwa upole wa sauti wala kwa wingi wa busu. Inatolewa kwa mambo manne: ameiona ishara ya mtoto, ameisoma sawasawa, ameitikia upesi, na mwitikio umefaa. Mama asiyesema neno lakini anayemgeuza mtoto mgongoni sekunde anapoanza kukosa raha anastahili alama ya juu. Wasaidizi waliosomea vitabu vya Ulaya huwapa alama za chini akina mama wasioongea na mtoto uso kwa uso. Hilo lirekebishwe kwenye mafunzo, kabla halijaingia kwenye data.

Jaribio la Hali Ngeni

Hili ndilo jaribio la chumbani. Linafaa watoto wa miezi 12 hadi 18. Tarehe ya kuzaliwa isomwe kwenye kijitabu cha kliniki, isitoke kwa kumbukumbu, na aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia ahesabiwe umri uliosahihishwa.

Mahali pa kufanyia ni jambo linaloharibu miradi mingi hapa mjini. Chumba kinachopatikana bila malipo aghalabu huwa cha kliniki, nacho ndicho kibaya kuliko vyote. Mtoto wa miezi 12 alichomwa sindano ya surua akiwa na miezi tisa, na ataichomwa tena akiwa na 18. Akiona koti jeupe na kusikia harufu ya dawa, huanza kulia kabla mama hajaketi, na wewe utaandika hofu ya sindano ukidhani umeandika mwambatano. Tafuta ukumbi wa kanisa, darasa tupu au chumba cha maktaba. Asiwepo mtu wa koti jeupe, na usipange jaribio ndani ya wiki moja baada ya chanjo.

Katika jaribio la awali sakafu iliyoachwa wazi ilikuwa futi 9 kwa 9. (Chumba kizima cha mabati Mathare mara nyingi ni 10 kwa 10, na humo mna kitanda, jiko na watu watano, mtoto aliyekulia humo akiingizwa kwenye ukumbi mkubwa wenye mwangwi, ukumbi wenyewe tayari ni jaribio.) Kwa hiyo gawanya ukumbi kwa pazia au makabati ubaki na eneo la kama futi 10 hadi 12 kila upande. Weka viti viwili, kimoja cha mlezi, kingine karibu na mlango cha mgeni, na rundo la vitu vya kuchezea kwenye upande wa tatu. Mtoto akishushwa akae katikati ya viti viwili, ili kwenda kwa mlezi au kwa vitu vya kuchezea uwe uamuzi unaoonekana.

Vitu vya kuchezea vinane hadi kumi vinatosha: mpira, gari, mwanasesere, vikombe vya kupangana, sufuria ndogo na mwiko, vitu ambavyo mtoto wa mtaa huo ameviona. Midoli ya betri inayopiga kelele iache. Inamvuta hata mtoto aliyekasirika, nawe utasoma mshangao kama utulivu.

Mgeni awe mwanamke ambaye mtoto hajamwona kabisa, anayezungumza lugha ya nyumbani kwao. Aliyewasajili kliniki au aliyefanya ziara za nyumbani hawezi kuwa mgeni. Kamera ziwe mbili, moja ikitazama mlango na nyingine sakafu, na maikrofoni ya pembeni. Zianzishwe pamoja kwa kupiga makofi mara moja mbele ya zote mbili. Betri ziwe zimejaa. Stima ikipotea kwenye kipindi cha tano, jozi hiyo umeipoteza, kwa sababu mtoto hawezi kurudiwa wiki ijayo kana kwamba hajui kinachokuja.

Vipindi ni vinane:

1. Mtafiti anawaingiza mlezi na mtoto, anaonyesha viti, anatoka. Sekunde 30.
2. Mlezi na mtoto peke yao, dakika 3. Mlezi anajibu mtoto akimwita, lakini haanzishi mchezo.
3. Mgeni anaingia. Dakika ya kwanza ananyamaza, ya pili anaongea na mlezi, ya tatu anamsogelea mtoto. Kisha mlezi anatoka kimyakimya.
4. Mgeni na mtoto, hadi dakika 3.
5. Mlezi anarudi, mgeni anatoka. Dakika 3 au zaidi mpaka mtoto atulie na kurudi kucheza. Kisha mlezi anaaga "bai-bai" na kutoka.
6. Mtoto peke yake, hadi dakika 3.
7. Mgeni anaingia, anajaribu kumtuliza, hadi dakika 3.
8. Mlezi anarudi, mgeni anatoka. Dakika 3.

Vipindi vya 4, 6 na 7 hukatizwa mtoto akilia kwa nguvu mfululizo sekunde 20 hadi 30. Hakuna haja ya ushujaa hapo. Mtoto aliyeachwa alie dakika tatu nzima hufika kwenye kipindi cha mwisho akiwa amevurugika kiasi cha kuonyesha matendo yasiyo na mpangilio ambayo umeyazalisha wewe. Mlezi naye ana haki ya kuingia wakati wowote. Ajue hivyo tangu mwanzo, na awe na mtu wa kukaa naye kwenye skrini.

Maelekezo kwa mlezi yafanyiwe mazoezi bila mtoto, kwa sababu mazoea ni magumu kuacha. Atatoka na simu mfukoni, si mkononi: simu yenye katuni ndiyo kitulizo cha mjini, na ikitolewa kwenye kipindi cha tano hutajua aliyemtuliza mtoto ni nani. Biskuti na peremende zibaki kwenye mkoba, nje. Anaporudi, asimame mlangoni, amsalimu mtoto, angoje kidogo. Wengi huingia mbio na kumnyakua mtoto, na zile sekunde tatu za thamani kuliko zote zinapotea kabla mtoto hajaonyesha lolote.

Kunyonya kunahitaji kanuni ya maandishi. Watoto wengi wa umri huu bado wananyonya, na mtoto akifadhaika huvuta blauzi. Ukimkataza mama, umemfanya aonekane mtu anayemkataa mtoto. Ukimruhusu atoe titi mara anapoingia, titi ndilo litakalopimwa. Tunashauri hivi: mama asitangulie kutoa, ila mtoto akiomba ampe, mwenye kuweka alama aangalie kilichotokea kabla ya mdomo kufika kwenye titi. Jambo hili lina uzito. Mary True na wenzake, waliochapisha mwaka 2001 utafiti wa mama na watoto wa Kidogoni nchini Mali, hawakupata hata mtoto mmoja mkwepaji, yaani anayegeuza uso mlezi anaporudi, na walidokeza kwamba kukwepa hakuwezekani kwa urahisi pale mtoto anaponyonya kila anapotaka.

Mtoto aliyekuja amelala mgongoni asishushwe akaingizwa moja kwa moja. Subiri nusu saa tangu aamke, awe amekula na kubadilishwa nepi. Mwenye homa au kikohozi kibaya apangiwe siku nyingine. Ukipima mtoto na walezi wawili, tenganisha siku hizo kwa mwezi mmoja angalau, na nusu ya watoto waanze na mama, nusu na mlezi mwingine. Ainsworth alirudia jaribio baada ya wiki mbili tu, akakuta watoto wamefadhaika zaidi na mifumo yao imebadilika.

Kuweka alama

Tazama kila video mara tatu angalau. Mara ya kwanza bila kalamu. Vipindi vya 5 na 8, yaani kurudi kwa mlezi, ndivyo vinavyobeba uamuzi. Katika kila kimoja toa alama 1 hadi 7 kwa mambo manne: kutafuta ukaribu, kushikilia mgusano, kukwepa, na kukinza.

Aliye salama, kundi B, humwendea mlezi au humsalimu waziwazi, akibebwa hutulia, kisha hurudi kucheza. Mkwepaji, kundi A, hugeuza uso, huangalia gari lake, humpita mlezi. Kwa kawaida hana hasira, na ndiyo maana wasiojua humsifu kuwa mtoto mzuri asiyesumbua. Mkinzani, kundi C, hutaka kubebwa na hapohapo hupiga teke, husukuma kidoli anachopewa, na dakika tatu huisha hajatulia. Katika watoto 106 wa Ainsworth walioelezwa mwaka 1978, kundi B lilikuwa asilimia 66, A asilimia 22, C asilimia 12. Usizichukue namba hizo kuwa shabaha ambayo data yako lazima iifikie.

Kosa la kawaida ni kati ya A na B1, kimojawapo cha vikundi vidogo vya B. Mtoto wa B1 habebwi, lakini humtazama mlezi anapoingia, hutabasamu, humwonyesha kitu akiwa mbali. Kosa la pili ni kati ya B4, kikundi kidogo kingine cha B, na C: wote hulia sana na kushikilia, ila B4 hana hasira dhidi ya mlezi.

Salamu za mahali zizingatiwe. Watoto wa Kigusii walizoea kusalimiwa na mama kwa mkono, wakaonyesha kumpokea mlezi kwa kunyoosha mkono badala ya kutaka kukumbatiwa. Mweka alama anayengoja kukumbatiana angewaweka mahali pasipo pao. Orodhesha salamu za jamii unayoipima kabla ya kutazama video ya kwanza.

Mwaka 1986 na 1990, Mary Main na Judith Solomon waliongeza kundi D, la watoto ambao matendo yao hayana mpangilio: huganda katikati ya hatua, humsogelea mlezi kichwa kimegeuzwa pembeni, au huanguka kifudifudi mlezi anapoingia. Kipimo ni 1 hadi 9, na 5 ndiyo mpaka. Kila mtoto wa D apewe pia kundi la pili kati ya A, B na C. Kabla ya kuandika D, uliza kuhusu kupooza kwa ubongo, kifafa na uchovu. Na kwa hali yoyote D isitumiwe kumtuhumu mlezi kwamba anamtesa mtoto. Kundi kubwa la wataalamu wa fani hii lilitoa onyo hilo kwa maandishi mwaka 2017.

Hakuna anayejifunza kuweka alama kwa kusoma. Unahitaji kozi na mtihani wa kupatana na wataalamu, ambao kwa kawaida hutaka makubaliano ya asilimia 80. Mweka alama asiwe aliyefanya ziara za nyumbani. Na asilimia 25 ya video zitazamwe na watu wawili, wasioshauriana.

Makubaliano yaripotiwe kwa kapa, kipimo kinachoondoa makubaliano ya kubahatisha, siyo asilimia tupu. Tuseme video 40, wawili wamekubaliana 34, yaani asilimia 85, inapendeza. Lakini ikiwa kila mmoja ameita "salama" asilimia 70 ya video, basi hata wangebahatisha wangekubaliana mara 0.7 × 0.7 jumlisha 0.3 × 0.3, yaani 0.58. Kapa ni (0.85 − 0.58) ÷ (1 − 0.58), kama 0.64. Inavumilika, haijivunii.

Kadi 90, pale chumba kisipopatikana

Everett Waters na Kathleen Deane walitoa mwaka 1985 mbinu inayofanyika nyumbani bila kumtenga mtoto na yeyote, nasi tunaona ndiyo inayofaa zaidi miradi midogo ya Nairobi. Kuna kadi 90, kila moja ina tendo, kwa mfano kwamba mtoto akishtuka hutulia upesi mikononi mwa mlezi. Mtazamaji hukaa na familia saa mbili hadi tatu, bora kwa ziara mbili, kisha huzipanga kadi katika mafungu matatu: zinazomfaa mtoto, zisizomfaa, na za katikati. Halafu hugawa mafungu hayo hadi yawe tisa yenye kadi kumi kila moja. Mpangilio huo hulinganishwa na ule wa wataalamu kuhusu mtoto aliye salama kabisa, na uwiano kati yao, kutoka −1 hadi +1, ndiyo alama ya mtoto.

Tafsiri ya kadi ifanywe na mtu mmoja, irudishwe kwa lugha ya awali na mwingine, kisha isomwe na akina mama watano wa mtaa kabla ya kuchapishwa. Kadi zipangwe na mtazamaji aliyefunzwa. Mama akizipanga mwenyewe, uwiano wa alama hizo na Hali Ngeni hushuka sana. Anapanga, kwa haki yake, mtoto anayempenda.

Kwa watoto wa miezi miwili hadi sita, ambao ni wadogo mno kwa yote haya, kuna jaribio la uso mtulivu la Edward Tronick la 1978: mama anacheza na mtoto, anakaza uso bila kuitika, kisha anarudi kucheza, kwa kawaida dakika mbili kila hatua. Linaonyesha jinsi wanavyorekebishana. Usiliite kipimo cha mwambatano.

Watoto wangapi?

Uchambuzi wa Marianne De Wolff na Marinus van IJzendoorn wa 1997 ulikuta uwiano kati ya usikivu wa mama na usalama wa mtoto ni 0.24. Ukitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuuona uwiano wa ukubwa huo, kwa kiwango cha umuhimu wa kitakwimu cha 0.05, unahitaji jozi 134. Watu huhama ploti, hurudi ushago, hubadilisha laini ya simu. Ukikadiria kupoteza asilimia 15, sajili 158. Mwenye muda wa jozi 40 asiulize swali la uwiano huo. Aeleze vizuri nani hulea nani, saa ngapi, na watoto hupokeaje walezi wao jioni. Tasnifu ya namna hiyo ina faida kuliko uwiano usioonekana.

Baada ya jaribio

Mama atauliza, "Sasa mtoto wangu yuko sawa?" Usimtajie kundi. Kipimo hiki kilitengenezwa kulinganisha vikundi vya watoto katika utafiti. Hakitoi utambuzi wa mtoto mmoja, na neno "si salama" likifika mtaani halirudi. Mwambie ulichokiona kwa macho: kwamba aliporudi mtoto alimfuata, au kwamba alichelewa kutulia na ikasaidia alipobebwa begani. Kaa nao mpaka mtoto acheze tena, hata ikichukua nusu saa, na panga ratiba ya siku ukijua hivyo, jozi tatu kwa siku na si sita.

Ukiona dalili za mama aliyezama kwenye huzuni, mpe rufaa ya maandishi ya kituo cha afya ulichozungumza nacho kabla ya utafiti kuanza. Ukiona mtoto yuko hatarini, msaidizi akupigie siku hiyohiyo, nawe umwone afisa wa watoto wa kaunti ndogo au upige 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Fomu ya idhini iwe imesema tangu mwanzo kwamba siri ina mpaka huo.